Mtaro, Taka, Taa na Barabara ya Mtaa: Namna ya Kufikisha Hoja Yenu Hadi Kwenye Bajeti ya Manispaa

Kila masika yanapokaribia, maswali hurudi yale yale. Mtaro umeziba, tumwambie nani? Taa ya barabarani haiwaki tangu mwaka jana, ni ya TANESCO au ya manispaa? Gari la taka halijapita, mbona ada inadaiwa? Barabara imekatika, na mwenyekiti anasema hana fedha.

Mwenyekiti anasema kweli. Serikali ya mtaa haina fungu lake la kujenga mtaro wala la kununua kalvati. Fedha zipo kwa halmashauri, kwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kwa mamlaka ya maji na katika mifuko michache iliyowekwa kisheria, na kila mlango una namna yake ya kubishwa. Mitaa mingi haipati kitu kwa sababu mbili: ombi lao halijawahi kuandikwa popote, au limeandikwa mwezi Mei wakati bajeti imekwishafungwa.

Mwongozo huu unahusu Dar es Salaam, yaani Jiji la Dar es Salaam (Ilala ya zamani) na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Miji mingine ya Tanzania Bara inafuata utaratibu huo huo kwa sehemu kubwa, isipokuwa mahali palipoandikwa DAWASA mtaweka jina la mamlaka yenu ya maji. Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa, kwa hiyo wasomaji wa huko wasiufuate huu neno kwa neno.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wanne au watano walio tayari kufuatilia jambo kwa mwaka mzima. Mmoja wao awe mtu anayeshinda mtaani mchana, kama vile mwenye duka au mama lishe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua gari la taka lilipita siku gani na fundi wa mtaro aliondoka saa ngapi.
- Kauntabuku moja kwa ajili ya mahudhurio na kumbukumbu. Karatasi zisizoshonwa hupotea.
- Simu yenye kamera na tepu ya kupimia ya mita 30 au 50. Asiye na tepu anaweza kutumia kamba iliyofungwa fundo kila baada ya mita moja.
- Majina sahihi ya mtaa, kata na halmashauri yenu, pamoja na ya mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata na diwani. Wapo wakazi wanaomtaja mjumbe wa shina kana kwamba ni kiongozi wa serikali. Mjumbe huyo ni wa chama, na muhuri wake haufungui jalada manispaa.
- Fedha kidogo ya nauli na ya kutoa nakala.

Hatua ya 1: Tambueni kitu ni cha nani

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo msiharakishe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za wilaya, zikiwamo zile za ndani ya mitaa, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Mtaro unaokwenda sambamba na barabara kwa kawaida humfuata mwenye barabara. Mtaro unaopita katikati ya nyumba, mbali na barabara yoyote, ni wa kuuliziwa kwa mhandisi wa halmashauri, na mara nyingi itabainika kwamba haumo katika orodha ya mtu yeyote. Hilo likitokea, kazi yenu ya kwanza ni kuomba uingizwe.

Bomba la maji safi lililopasuka na chemba ya majitaka inayofurika ni mambo ya DAWASA. Nguzo iliyoinama na waya uliolegea ni vya TANESCO. Taa za barabarani huchanganya watu wengi: umeme unaopita humo ni wa TANESCO, lakini taa yenyewe na matunzo yake humfuata aliyeiweka, ambaye huwa ni mwenye barabara au halmashauri. Taka ngumu ni za halmashauri, hata pale kazi ya kuzizoa inapofanywa na kampuni au kikundi chenye mkataba. Inzi, vyoo vinavyotiririsha na machinjio ya uani ni vya afisa afya wa kata. Ujenzi ulioziba njia au kuvamia eneo la wazi ni wa mipango miji wa halmashauri, na kelele zilizokithiri zinaweza kufikishwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, baada ya kuanzia mtaani.

Mkishindwa kujua, mwulizeni mtendaji wa kata kwa maandishi. Jibu lake, hata likiwa la mstari mmoja, litawasaidia kila mtakapoambiwa "hilo si letu".

Hatua ya 2: Pimeni na pigeni picha

Ombi linalosema "mtaro wetu ni mbovu" halimpi mhandisi kitu cha kufanyia hesabu. Ombi linalosema kwamba mtaro una urefu wa mita 180, upana wa sentimita 60, umejaa mchanga hadi umebaki na kina cha sentimita 15, na mawe ya kuta yamebomoka mahali pawili karibu na kivuko cha shule, linaweza kuwekewa gharama siku hiyo hiyo.

Tembeeni na tepu kuanzia maji yanakotoka hadi yanakoishia. Neno "yanakoishia" ndilo lenye uzito. Mtaro uliochimbwa vizuri lakini unaoishia mbele ya ukuta wa mtu unahamisha mafuriko kutoka nyumba zenu kwenda kwa jirani, na jirani huyo ndiye atakayeusimamisha mradi. Kama mwisho wa mtaro uko katika mtaa mwingine, zungumzeni na uongozi wa mtaa huo sasa, kabla ya barua yoyote.

Pigeni picha mara mbili, wakati wa ukavu na wakati mvua inanyesha, kutoka mahali pale pale, na katika kila picha kiwepo kitu kisichohama, kama nguzo au mlango wenye namba ya nyumba. Andikeni tarehe nyuma ya nakala iliyochapishwa. Kwa ramani, msianze na karatasi tupu: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, ulichora kata nyingi za Dar es Salaam zinazofurika, na kazi yao iko wazi katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo huru kwa kila mtu. Chapisheni kipande kinachowahusu, kisha wekeni alama kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 3: Pelekeni hoja katika mkutano mkuu wa mtaa

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayozipa nyingine nguvu. Mkutano wa wakazi wa mtaa unatambuliwa katika utaratibu wa serikali za mitaa mijini, na muhtasari wake uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa ni waraka ambao ofisi za juu haziwezi kuuita maoni ya watu wachache. Mwombeni mwenyekiti aweke hoja yenu katika ajenda, na mmwombe kwa heshima na mapema. Ukimwendea asubuhi ya mkutano, hoja itatupwa kwenye "mengineyo" na kusomwa watu wakiwa wameanza kuondoka.

Siku ya mkutano hakikisheni mambo matatu. Mahudhurio yaandikwe kwa majina na saini. Azimio lisomwe kwa sauti, likitaja kitu kinachoombwa, mahali kilipo na vipimo vyake. Kisha mpange vipaumbele, kwa kuwa mtaa unaopeleka mambo 12 unaonekana haujaamua, ilhali mtaa unaopeleka mawili, moja likiwa la kwanza kwa kura, humrahisishia diwani kazi ya kuwatetea.

Angalizo: kama mradi utagusa viwanja vya watu, kwa mfano kupanua njia kwa mita moja kila upande, msiridhike na mikono iliyonyooshwa mkutanoni. Kila mwenye kiwanja aandike ridhaa yake na kusaini, na mwenza wake wa ndoa asaini pia. Familia nyingi huridhia mwezi wa kwanza na kubadili msimamo siku greda linapofika.

Hatua ya 4: Andikeni barua inayojitosheleza

Barua iwe ya ukurasa mmoja, na viambatisho viwe nyuma. Anwani ya juu ni ya serikali ya mtaa wenu. Anayeandikiwa ni Mkurugenzi wa halmashauri, au Meneja wa TARURA wa wilaya ikiwa ni barabara na mitaro yake, na chini ya jina hilo kuwe na mstari wa kupitishia:

K.K. Mtendaji wa Kata ya …
YAH: OMBI LA KUINGIZWA KATIKA BAJETI UJENZI WA MTARO WENYE UREFU WA MITA 180, MTAA WA …

Aya ya kwanza itaje tatizo na vipimo. Ya pili itaje walioathirika, kwa kitu kinachoweza kuhakikiwa: nyumba ngapi, shule ipi, zahanati ipi. Ya tatu itaje azimio la mkutano na tarehe yake, pamoja na mchango ambao wakazi wako tayari kuutoa, iwe ni kuondoa kifusi, kulinda vifaa usiku au kusafisha baada ya ujenzi. Viambatisho ni muhtasari, mahudhurio, picha na ramani.

Toeni nakala tatu. Moja ibaki masijala, moja apewe diwani, na ya tatu igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe kisha irudi nanyi. Barua isiyo na nakala yenye muhuri, kwa lugha ya ofisi, haikuletwa. Mkipewa namba ya kumbukumbu ya jalada, iandikeni katika jalada la kauntabuku kwa herufi kubwa, kwa sababu kuanzia siku hiyo hamtaulizwa majina yenu bali namba hiyo.

Hatua ya 5: Fuateni hoja katika Kamati ya Maendeleo ya Kata

Kamati hii, ambayo wengi huiita WDC, huongozwa na diwani; mtendaji wa kata ni katibu wake, na wenyeviti wa mitaa ya kata hiyo ni wajumbe. Hapo mtaa wenu unashindana na mitaa mingine. Mpeni mwenyekiti wenu karatasi moja yenye mambo manne ya kusema, maana wenyeviti wengi hodari wa kuongea hushindwa mbele ya mwenzao aliyekuja na takwimu. Baada ya kikao, ulizeni si kama hoja "imepokelewa", bali kama imeorodheshwa, na ni ya ngapi.

Hatua ya 6: Heshimuni kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, kwa hiyo halmashauri inatakiwa iwe imekamilisha mapendekezo yake kabla ya hapo, na kata nazo ziwe zimekamilisha mapema zaidi. Kwa vitendo, hoja ya mtaa inayotaka kuingia katika bajeti inayoanza Julai inapaswa kuwa imepita mkutano wa wakazi ifikapo Oktoba na kufika kata Novemba au Desemba. Barua iliyoandikwa katikati ya mafuriko ya Aprili inaweza kuleta msaada wa dharura, kama vile katapila la kuzibua, lakini ujenzi wa kudumu utasubiri mzunguko unaofuata. Iandikeni hata hivyo, kisha mwanze upya Septemba mkiwa na picha za Aprili mkononi.

Hatua ya 7: Ongezeeni vyanzo vingine

Msitegemee mlango mmoja. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Unafaa zaidi kwa miradi midogo iliyoibuliwa na wananchi na ambayo imekwishaanza, kama kivuko kilichobakiza zege. Peleka ombi likiwa na gharama iliyoandikwa na fundi anayetambulika, ukionyesha kilichokwishafanyika.

Ipo pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, kisha ikarejeshwa. Haijengi mtaro wa mtaa, lakini kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kununulia mikokoteni, guta au vifaa vya kinga na kuomba kazi ya kuzoa taka katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Kwa maoni yangu hii ndiyo fursa inayotumika vibaya kuliko zote, kwa kuwa vikundi vingi huundwa kwa ajili ya mkopo kwanza na kazi hutafutwa baadaye. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia kwake.

Nguvu za wananchi nazo zina historia ndefu mjini hapa. Hananasif, Kinondoni, kuanzia mwaka 1994 wakazi walishiriki kujenga mitaro na barabara za makazi yao kwa mikataba ya kijamii, huku mashirika ya kimataifa yakisaidia fedha na utaalamu. Wenye kutaka kufuata njia hiyo wajue kwamba michango ya fedha inataka azimio la mkutano, kiwango kinachojulikana na risiti kwa kila shilingi. Kamwe msimkabidhi mtu fedha taslimu za kitu kinacholipwa serikalini; malipo hayo huwa na namba ya malipo na risiti ya mashine.

Hatua ya 8: Simamieni kazi inapoanza

Siku mkandarasi anapofika, ombeni kuona vipimo vya kazi na muda wa kumaliza. Hamhitaji uhandisi kugundua mambo ya wazi. Mwagieni maji ndoo mbili katika sehemu iliyomalizika: yakituama, mwinuko haujakaa sawa, na ni rahisi kurekebisha kabla zege la sehemu inayofuata halijamwagwa. Angalieni kama zege linamwagiliwa siku zinazofuata, hasa jua likiwa kali. Angalieni pia kifusi kimewekwa wapi, kwa maana kifusi kilichorundikwa ukingoni hurudi mtaroni kwa mvua ya kwanza. Mkiona kasoro, msibishane na vibarua. Mwandikieni mtendaji wa kata siku hiyo hiyo, nakala kwa mhandisi, na muambatishe picha.

Hatua ya 9: Wekeni ratiba ya matunzo

Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, kwa hiyo usafishaji mkubwa wa mitaro uwe Septemba na Februari. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, ambayo ni siku ya usafi kitaifa, itumieni kwa kazi ndogo ndogo. Mchanga uliotolewa uondolewe siku hiyo hiyo. Mpangeni usafiri kabla ya kushika koleo.

Adui mkubwa wa mtaro ni kutapisha vyoo wakati mvua inanyesha. Kila mtu anaijua nyumba inayofanya hivyo na hakuna anayetaka kuisema. Anzeni kwa mjumbe wa kamati ya mtaa kumwendea mwenye nyumba faraghani, akiwa na bei ya gari la kunyonya majitaka, na ikiwezekana nyumba kadhaa zipange kuita gari siku moja ili zielewane na mwenye gari juu ya bei. Akikataa, afisa afya ana mamlaka ya kumwandikia ilani.

Makosa ya kuepuka

Msianze na vyombo vya habari kabla ya barua. Ofisi itauliza barua iko wapi, nanyi mtakosa cha kujibu. Msichanganye DAWASA, TANESCO na TARURA katika barua moja, kwa kuwa kila mmoja atasubiri mwenzake. Msijenge wenyewe kivuko au tuta la barabarani bila idhini ya mwenye barabara, hata kama pikipiki zinakimbia kupita kiasi. Na msiombe mtaro au barabara kwa ajili ya nyumba zilizo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto bila kwanza kuuliza hali yake kisheria, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu katika ukanda huo, na ombi lenu linaweza kuamsha jambo msilolitarajia.

Mambo yakikwama

*Barua haijajibiwa.* Subirini mwezi mmoja, kisha andikeni barua ya ukumbusho inayotaja namba ya kumbukumbu na tarehe ya muhuri. Ikiwa mnachotaka ni taarifa, kwa mfano kama mradi umo katika bajeti, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka taasisi ijibu ndani ya siku 30.

*Mradi umo katika bajeti lakini haujaanza.* Kuwamo katika bajeti si sawa na fedha kufika. Ulizeni kama fedha zimepokelewa na kama zabuni imetangazwa. Jibu likiwa "bado", hakikisheni mradi unabebwa hadi mwaka unaofuata, kwa kuwa haubebwi wenyewe.

*Mwenyekiti haitishi mkutano.* Mwandikieni ombi lenye saini za wakazi, nakala kwa mtendaji wa kata. Mara nyingi mkutano huitishwa kabla nakala haijasomwa.

*Gari la taka halipiti na ada inadaiwa.* Wekeni kumbukumbu ya siku lilipopita kwa mwezi mzima, ndipo mwende kwa afisa mazingira wa halmashauri, ambaye ndiye anayeujua mkataba wa mzoaji. Kugoma kulipa kabla ya hapo huwapa wao lalamiko dhidi yenu.

*Ofisi mbili zinasukumiana.* Ombeni mtendaji wa kata aitishe ukaguzi wa pamoja, wahusika wote wasimame penye tatizo siku moja. Andikeni alichosema kila mmoja na muwaombe wasaini.

*Uongozi umebadilika.* Viongozi wa mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka 5, na uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Maofisa nao huhamishwa wakati wowote. Kwa hiyo jalada la mtaa lisikae nyumbani kwa mwenyekiti. Nakala moja ya kila waraka ikae ofisi ya mtaa na nyingine kwa mwanakamati wenu, na katika wiki za kwanza za uongozi mpya nendeni na jalada hilo kujitambulisha, mkianzia ukurasa wenye namba ya kumbukumbu.